Timu Haihami

Tarehe 17 Aprili 2024, katika ukumbi mdogo wa chuo kikuu mjini Tempe, Arizona, timu ya hoki ya barafuni iitwayo Arizona Coyotes iliifunga Edmonton Oilers mabao 5–2. Tarehe 8 Oktoba mwaka huohuo, mjini Salt Lake City, jimbo la Utah, timu ambayo haikuwa hata na jina la maana, ikiitwa tu Utah Hockey Club, iliifunga Chicago Blackhawks mabao 5–2. Kocha aliyesimama nyuma ya benchi usiku wa kwanza na usiku wa pili ni mmoja, André Tourigny. Clayton Keller ni yuleyule. Dylan Guenther, aliyefunga bao la kwanza la Utah, miezi sita nyuma alikuwa Arizona akivaa jezi nyingine.

Mtoto wa darasa la pili akionyeshwa mechi hizo mbili atakwambia timu imehama. NHL, ligi kuu ya mchezo huo yenye timu za Marekani na Kanada, inasema hapana. Kwa mujibu wa kura ya wamiliki iliyopigwa tarehe 18 Aprili 2024, siku moja tu baada ya mechi ya Tempe, timu ya Arizona haikwenda popote. Imesimamishwa shughuli zake. Timu ya Utah nayo haikutoka popote. Ni mpya, imeanzishwa. Kilichovuka mpaka wa majimbo ni wachezaji, mikataba yao na zamu za kuteua chipukizi, vitu ambavyo ligi inaviita mali za hoki. Jina, nembo na historia vilibaki kwa tajiri aliyekuwa akiimiliki timu ya Arizona, Alex Meruelo, ambaye alipewa miaka mitano ajenge ukumbi na kuifufua.

Mimi nimeisoma hati hiyo kama ninavyosoma hadithi fupi, maana ndivyo ilivyo. Ina wahusika, ina siri, na ina msimulizi asiyetaka kutajwa. Ukiisoma hivyo unaona kazi ngumu iliyofanywa na vitenzi. Timu imekatwa vipande vinne, yaani miili ya wachezaji, leseni ya kushiriki ligi, jina, na kumbukumbu, kisha kila kipande kikapelekwa kwenye kabati lake. Kipande cha tano, watu waliokuwa wakikaa kwenye viti, hakimo. Asiyekuwepo na lake halipo.

Kiswahili kina adabu yake katika jambo hili. Kuhama ni tendo la mwenye uamuzi. Mtu anahama Buguruni kwenda Mbagala kwa sababu kodi imepanda. Wafugaji wanahama kufuata maji. Asiye na uamuzi hahami, anahamishwa, na hapo sarufi inakuwa mbishi: inadai jina la pili. Amehamishwa na nani? Ligi inapenda timu zihame, zikue, zifuate soko, kana kwamba zina miguu na pua. Timu haihami. Kuna mtu ameuza na mwingine amenunua, na katika kisa cha Utah wote wawili wanajulikana. Ryan Smith, mmiliki wa timu ya kikapu ya Utah Jazz, alilipa dola bilioni 1.2. Bilioni moja ilikwenda kwa Meruelo, na milioni 200 zikagawanywa kwa wamiliki wengine wa ligi.

Milioni 200 hizo zinastahili kuangaliwa mara mbili, kwa kuwa ndizo zinazoeleza kwa nini ligi haichoki kutafuta miji mipya. Mwaka 1967 NHL ilikuwa na timu sita ikaongeza nyingine sita kwa mkupuo. Kila mgeni alilipa dola milioni 2. Mwaka 2000, Columbus na Minnesota zilipoingia, ada ilikuwa milioni 80. Las Vegas walilipa milioni 500, Seattle milioni 650. Kwa utaratibu wa ligi, ada hizi haziingii kwenye mfuko wa mapato ambao wachezaji wanapata mgawo wao. Zinakwenda moja kwa moja kwa matajiri waliotangulia. Kwa hiyo mji mpya unapopokelewa kwa mbwembwe, kila mwenyeji amekwisha kupokea bahasha yake kabla barafu haijaganda. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sidhani kama walikuwa wakifikiria hili.

Sasa, kuna hadithi nyingine kuhusu jambo hili, inayopendwa zaidi, na ndiyo inayonikera kuliko hati za ligi. Utaisikia kwa waandishi wa michezo wa Kanada, kwa mashabiki wa kaskazini, na kwa mtu yeyote aliyewahi kucheka wazo la barafu jangwani. Inasema hivi: hoki ni mchezo wa baridi. Watu wa baridi waliumbwa wauelewe. Mfanyabiashara mmoja akaunyakua kutoka Winnipeg, ambako mto unaganda, akaupeleka Phoenix, ambako lami inayeyuka, na Mungu akamwadhibu. Kila timu inayokufa kusini ni ushahidi, na kila timu inayorudi kaskazini ni haki iliyotendeka.

Ni hadithi tamu. Ina kosa, adhabu na marejeo. Tatizo lake ni kwamba haiwezi kukaa meza moja na matukio.

Tuanze na Winnipeg yenyewe. Winnipeg Jets waliingia NHL mwaka 1979 na kuondolewa mwaka 1996. Waliondolewa kwa sababu zinazochosha kusimulia: mishahara ya wachezaji ililipwa kwa dola ya Marekani huku tiketi zikiuzwa kwa dola ya Kanada, ambayo miaka ile ilikuwa imeporomoka, ukumbi ulikuwa wa zamani, na hapakuwa na utaratibu wa kuzuia matajiri wa miji mikubwa kupandisha mishahara wapendavyo. Baridi ilikuwepo siku zote na haikusaidia kitu. Mwezi Mei 1995 maelfu ya watu walikusanyika katikati ya mji kuchangia fedha za kuiokoa timu, na watoto walileta fedha za vibubu vyao. Timu ilibaki msimu mmoja zaidi, kisha ikapelekwa Phoenix. Mwaka mmoja kabla, Quebec Nordiques walikuwa wamepelekwa Denver kwa sababu zilezile, wakawa Colorado Avalanche, na katika msimu wao wa kwanza huko wakatwaa Kombe la Stanley. Fikiria kuwa shabiki wa Quebec usiku huo.

Phoenix sasa. Hapa ndipo hadithi ya jua na barafu inapovunjika vibaya zaidi, na nitakaa kidogo.

Timu ilifika mwaka 1996 ikaitwa Coyotes, jina la mbwa mwitu wa nyika zile. Ukumbi wa kwanza, katikati ya mji, ulijengwa kwa ajili ya kikapu. Uwanja wa hoki ni mrefu kuliko wa kikapu, kwa hiyo kulikuwa na viti ambavyo mtu alilipa tiketi na goli moja hakuliona vizuri. Mwaka 2003 timu ikapelekwa Glendale, magharibi kabisa mwa jiji, mbali na wengi wa watu waliokuwa wakinunua tiketi. Mei 2009 mmiliki, Jerry Moyes, akaipeleka mahakamani kama mufilisi. Tajiri wa Kanada, Jim Balsillie, aliyejulikana kwa simu za BlackBerry, akatoa ofa ya dola milioni 212.5 kwa sharti kwamba aihamishie Hamilton, Ontario. Ligi ikapinga hadi mwisho. Jaji akaikataa ofa hiyo. Na NHL yenyewe ikainunua timu kwa dola milioni 140. Hadi mwaka 2013 timu ikawa inamilikiwa na wapinzani wake wote kwa pamoja.

Na katika kipindi hichohicho, mwaka 2012, timu hiyo yatima ilicheza msimu wake bora kuliko yote, ikafika fainali ya kanda ya magharibi. Ukumbi ulijaa. Jua lilikuwa kali kama kawaida.

Baada ya hapo wamiliki walikuja na kuondoka. Halmashauri ya Glendale ilichoka, ikakataa kuendelea na mkataba wa ukumbi baada ya msimu wa 2021–22. Timu ya ligi kuu ikahamia Mullett Arena, ukumbi wa Chuo Kikuu cha Arizona State wenye nafasi ya watu wasiofika 5,000 katika ligi ambayo kumbi nyingi zinachukua zaidi ya 17,000. Mei 2023 wakazi wa Tempe waliulizwa kwa kura kama wanautaka mradi mkubwa wa ukumbi mpya na majengo yake. Maswali yote matatu yakakataliwa. Mwaka uliofuata ndipo tulipofika kwenye ile 5–2.

Nani ameshindwa hapo? Mimi ninaona ramani mbaya, ukumbi usiofaa, ukumbi ulio mbali, mufilisi mmoja, na mlolongo wa matajiri wasioaminika machoni pa majirani zao. Sioni jua. Tampa kuna jua, na timu yake imetwaa kombe mara tatu, 2004, 2020 na 2021. Florida Panthers wanacheza kilomita chache kutoka kwenye vinamasi vya mamba, nao walitwaa kombe 2024 na 2025. Dallas walitwaa 1999, wakitumia timu iliyochukuliwa Minnesota mwaka 1993. Kanada nzima, pamoja na mito yake yote inayoganda, haikutwaa kombe hata mara moja kati ya Montreal ya 1993 na Florida ya 2025.

Lakini hesabu ya makombe ni hoja ya wavivu, na ninaitumia kwa sababu tu wapinzani wangu wanaipenda. Hoja yenyewe ni mtu. Auston Matthews alizaliwa California mwaka 1997 akakulia Scottsdale, pembeni ya Phoenix. Alikuwa mtoto mdogo alipoanza kupelekwa kuwatazama Coyotes. Mwaka 2016 aliteuliwa wa kwanza kabisa kati ya chipukizi wote wa dunia, na Toronto, mji unaojiona makka ya hoki, ndio uliomchukua. Msimu wa 2023–24 alifunga mabao 69. Timu iliyosemwa kuwa haina maana ilimzaa mfungaji wa mji unaosema hivyo.

Halafu kuna baba na mwana. Shane Doan aliteuliwa na Winnipeg mwaka 1995, akacheza msimu wa mwisho wa Jets, akapelekwa Phoenix pamoja na vifaa vingine, na akabaki huko hadi 2017. Misimu 21, timu moja, majina matatu: Winnipeg, Phoenix, kisha Arizona jina lilipobadilishwa mwaka 2014. Mwanawe Josh alikulia Arizona, akachezea Chuo Kikuu cha Arizona State katika ukumbi uleule wa Mullett, na tarehe 26 Machi 2024 akacheza mechi yake ya kwanza ya NHL akiwa na Coyotes, ukumbini humohumo. Alifunga mabao mawili. Wiki tatu baadaye timu haikuwepo. Ukitaka kujua kupanda mchezo katika ardhi mpya kunachukua muda gani, jibu ni hilo: kizazi kimoja kamili. Baba analetwa na hati za mauzo, mtoto anakuwa mwenyeji. Ligi iling'oa mche msimu ulipoanza kuzaa.

Kwa hiyo hadithi ya watu wa baridi siichukii kwa kuwa na uongo wa takwimu tu. Ninaichukia kwa sababu inafanya kazi ya ligi bure. Ikishakubalika kwamba kuna watu wanaostahili timu na watu wasiostahili, basi hakuna haja ya kuuliza nani aliuza. Mtoto wa Winnipeg aliyevunja kibubu mwaka 1995 na mtoto wa Tempe aliyelia mwaka 2024 walikuwa upande mmoja wa meza. Hadithi hii inawageuza wapinzani.

Nipumzike kidogo kwenye majina, maana ndiko kuna vichekesho. Atlanta walipopewa timu mwaka 1972 waliiita Flames, miali ya moto, kwa ukumbusho wa mji wao kuchomwa na jeshi la Jenerali Sherman mwaka 1864. Mwaka 1980 timu ikauzwa Calgary, mji wa mafuta, na jina likabaki, maana mafuta nayo huwaka. Ile Utah Jazz ya bwana Smith inatoka New Orleans, mji wa jazi. Ilipelekwa Salt Lake City mwaka 1979 na hakuna aliyejisumbua kubadili jina, ndiyo maana leo mji wa Wamormoni una timu ya jazi. Hartford Whalers, wavua nyangumi wa Connecticut, walipelekwa North Carolina mwaka 1997 wakawa Hurricanes. Desemba 2018 Hurricanes hao walivaa jezi za Whalers dhidi ya Boston, na jezi zikauzwa. Hebu tafakari ustadi wake: umemfukuza mtu nyumbani kwake, kisha unamuuzia picha ya nyumba. Utah nao, baada ya mwaka mzima wa kupigisha watu kura, wakachagua Mammoth mwaka 2025. Ni mnyama aliyetoweka duniani. Sina la kuongeza.

Turudi kwenye kabati la kumbukumbu, ambalo kwangu ndilo lenye uzito.

Mwaka 2011 timu ya pili ya Atlanta, Thrashers, iliuzwa Winnipeg. Nao hawakushindwa na jua. Wamiliki wao walikuwa wameshtakiana wenyewe kwa wenyewe mahakamani kwa miaka, na walichotaka kubaki nacho ni ukumbi na timu ya kikapu. Bei ilikuwa dola milioni 170, ambazo 60 kati yake ziliingia ligini. Winnipeg waliombwa wanunue tiketi za msimu 13,000 kuonyesha kwamba wako tayari. Zilipofunguliwa kwa umma ziliisha kwa dakika. Mji ulilia kwa furaha, na sina kinyongo nao. Timu ikaitwa Jets tena.

Lakini daftari za ligi hazijui kulia. Kwenye daftari, Jets hawa ni Thrashers. Rekodi za Jets wa zamani zilikuwa zimekwenda Arizona na Coyotes. Kwa hiyo mabao 76 ambayo Teemu Selänne aliyafunga Winnipeg katika msimu wake wa kwanza, 1992–93, rekodi ya chipukizi ambayo haijavunjwa, si ya Winnipeg kisheria. Yaliandikwa upande wa Arizona, yakasimamishwa pamoja na Arizona. Na mabao 328 ya Ilya Kovalchuk, mfungaji bora wa Atlanta, yameandikwa Winnipeg, mji ambao hakuwahi kuuchezea. Wahenga walionya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, safi, limepigwa mistari, na mali imepotea ndani yake.

Mabao ni jambo dogo. Oktoba 2003 mchezaji wa Thrashers, Dan Snyder, alifariki kutokana na majeraha ya ajali ya gari. Alikuwa na miaka 25. Timu ilicheza msimu huo ikiwa na alama yake kwenye jezi, na watu wa Atlanta walisimama kimya ukumbini kwa ajili yake. Msiba ule uko kwenye kabati gani sasa? Kwa hesabu ya ligi ni sehemu ya historia ya Winnipeg. Watu waliosimama kimya wako Atlanta, na hawana ukumbi wa hoki wa kukumbukia wala timu ya kuwakumbusha.

Msomaji wa Tanzania asidhani haya ni mambo ya wenye barafu tu. Mwishoni mwa 2022 Ihefu, pale Mbarali mkoani Mbeya, waliifunga Yanga 2–1 na kukata mwendo wa mechi 49 za ligi bila kufungwa. Wakulima wa mpunga walishangilia usiku kucha, na walikuwa na haki. Mwaka 2024 timu ikapelekwa Singida ikaitwa Singida Black Stars. Muulize mtu wa Ubaruku ile mechi ni ya nani. Kisha muulize mtu wa Singida.

Kuna mahali ambapo kuanzisha timu upya kulifanikiwa, na haki inanitaka nipataje, ingawa panasumbua hoja yangu kidogo. Las Vegas Golden Knights walikuwa wacheze mechi yao ya kwanza ya nyumbani mwanzoni mwa msimu wa 2017. Siku tisa kabla, tarehe 1 Oktoba, mtu mwenye bunduki aliwamiminia risasi waliohudhuria tamasha la muziki mjini humo. Waliouawa walihesabiwa 58. Baadaye idadi ilifika 60. Tarehe 10 Oktoba timu iliingia uwanjani. Hawakuwa na historia hata ya wiki moja. Deryk Engelland, beki aliyewahi kucheza katika timu ndogo ya mji huo na kufanya makazi yake hapo, alichukua kipaza sauti akazungumza na watu. Palikuwa na ukimya wa sekunde 58. Kisha wakashinda 5–2, na waliofungwa, kama kuna mwandishi anayepanga mambo haya, walikuwa Arizona Coyotes. Namba 58 haivaliwi tena na mchezaji yeyote wa Vegas. Msimu huohuo walifika fainali ya kombe, na mwaka 2023 wakalitwaa.

Wachambuzi wa fedha husema Vegas ilifanikiwa kwa sababu kanuni za kuchagua wachezaji zililegezwa kwa ajili yake, nao hawakosei. Mtu aliyelipa nusu bilioni hapewi makapi. Lakini hilo linaeleza ushindi, halielezi mapenzi. Timu ile ilipata watu wake kabla ya kupata pointi, kwa kusimama nao kwenye msiba. Hakuna idara ya masoko ambayo ingeweza kulipanga, na nisingependa kuishi katika mji ambako imejaribu. Kinachonisumbua ni swali linalofuata. Ikiwa kumbukumbu hutengenezwa hivyo, na watu waliokuwepo mahali walipokuwepo, basi namba 58 ya Vegas ni ya nani? Kwenye karatasi ni ya mwenye leseni.

Siku hizi Winnipeg haifurahi tena kama 2011. Tiketi za msimu zilishuka kutoka 13,000 hadi karibu 9,500 kufikia 2023–24, na mmiliki mwenza, Mark Chipman, akasema hadharani kwamba hali hiyo haiwezi kudumu. Watu wa mji huo wanajua kauli ya namna hiyo huishia wapi. Waliisikia miaka ya tisini. Msimu uliofuata timu ilimaliza kileleni mwa ligi nzima. Quebec, kwa upande wao, walijenga ukumbi wa viti zaidi ya 18,000 kwa fedha za umma, ukafunguliwa 2015, wakapeleka maombi ya timu pamoja na Las Vegas. Vegas wakapewa. Quebec wakaambiwa wasubiri, na bado wanasubiri, wakitumia ukumbi huo kwa matamasha na timu ya vijana.

Meruelo hakutumia miaka yake mitano. Juni 2024 mnada wa ardhi aliyoitaka kaskazini mwa Phoenix ulifutwa na mamlaka ya ardhi ya jimbo, naye akajitoa. Josh Doan alipelekwa Utah pamoja na mali nyingine za hoki, na Juni 2025 akauzwa Buffalo.

Atlanta sasa wanazungumza tena. Pembezoni mwa jiji, upande wa kaskazini, kuna makundi ya wawekezaji yenye michoro ya kumbi, yakiitaka timu ya tatu. Ikija, ukurasa wake wa kwanza utakuwa mtupu: miali ya moto iko Calgary, Kovalchuk na Snyder wako Winnipeg. Mtu aliyekuwa na miaka kumi akiwatazama Flames mwaka 1975 ana sitini sasa. Atanunua jezi ya tatu, na pengine atamnunulia mjukuu.